Bibi Aliyekwenda Kumzalisha Twiga

Kiti cha magurudumu cha Bibi kiliazimwa hospitali, na kabla wiki haijaisha kilikuwa kimegeuka kabati. Mgongoni kilibeba mashuka, mikononi kilining'iniza soksi za Binamu, na pale pa kukalia paka alishajitangazia uhuru wake. Kila mtu nyumbani alikitumia isipokuwa yule aliyeazimiwa.

"Kile ni cha wagonjwa," Bibi alisema. Alikuwa dirishani, mahali alipohamia tangu avunjike nyonga. Ndani ya nyumba alijikongoja kwa kushika meza na kabati. Nje hakuna meza wala kabati, kwa hiyo nje hakwenda.

"Na mimi je, Bibi?" nikamuuliza.

Mimi nimo kwenye kiti cha magurudumu tangu utotoni. Nimesoma nacho mpaka nikamaliza sekondari, na nimeingia nacho kwenye harusi ambazo sikualikwa, maana hakuna anayethubutu kumdai kadi mtu wa kiti.

"Wewe si mgonjwa," Bibi akajibu. "Wewe ni mkorofi aliyekaa."

Bibi alikuwa sista mkuu wa wodi ya wazazi mpaka alipostaafu. Mtaa mzima unamwita Sista, na nusu ya mtaa ilipokewa na mikono yake, wakiwemo wababa wenye vitambi ambao hadi leo wakimwona wanaficha sigara. Maisha yake yote alikuwa nyuma ya kiti, anasukuma. Kuhamia mbele aliona ni kushushwa cheo.

Sasa Shangazi, mwenye nyumba na mwenye subira fupi, akatoa tamko Jumapili asubuhi akiwa anakunja yale mashuka.

"Kesho kiti kinarudi hospitali, Mama. Kuna watu wanakihitaji, sisi tunaanikia soksi."

"Kirudi salama," Bibi akasema, macho dirishani.

Shangazi alikuwa na haki, sikatai. Lakini nilijua kiti kikiondoka Bibi atabaki pale mpaka dirisha lenyewe limchoke. Halafu nilikuwa na tamaa yangu binafsi. Kazi yangu ni kutengeneza simu, ila starehe yangu ni kutafuta sehemu za matembezi ambako mtu wa kiti anaingia kwa mlango wa mbele kama watu, siyo kupitishwa jikoni kama gunia la viazi. Nazijua zote. Shida ni kwamba marafiki zangu wanatembea kwa miguu. Nikiwaambia, "Jamani, mteremko huu umelazwa vizuri," wananitazama kama nimesifia ukuta. Nilitaka mwenzangu wa kusifia naye.

Nikachukua simu, nikasoma habari kwa sauti, kama mtu asiye na nia yoyote.

"Twiga wa bustani ya wanyama amekaribia kujifungua."

Bibi hakugeuka. "Nani anamhudumia?"

"Haijaandikwa."

"Ni uzazi wake wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Kikombe kikashushwa mezani. "Uzazi wa kwanza, na haijaandikwa nani anamhudumia."

"Tena anazaa amesimama, Bibi. Mtoto anadondoka."

"Anadondokea wapi?"

"Chini."

Shangazi aliacha kukunja shuka. Bibi akakitazama kile kiti kwa muda, kama mtu anayemtazama mkwe asiyempenda.

"Mtoeni paka," akasema.

Aliweka masharti. Kwanza, haendi kutembezwa, anakwenda kikazi. Pili, akisema turudi, tunarudi. Kisha akabandika kifuani ile saa yake ya unesi inayoning'inia kichwa chini, akajifunga kilemba, akakaa kitini wima kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Wa kumsukuma alikuwa Binamu. Binamu ni kinyozi, ana mabega ya kubeba mlango, na siku hiyo alikuwa amevaa viatu vyeupe vipya ambavyo alivikanyagisha chini kwa huruma, kama anaogopa kuviamsha. Tukakodi gari lenye ubao wa kupandishia viti, hao tukaondoka.

Getini mlinzi alituangalia sote, akamchagua Binamu, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na uso juu.

"Mama anapenda kuona wanyama gani?"

"Muulize mama," Bibi akasema.

Mlinzi akakohoa. "Samahani, mama. Unapenda kuona wanyama gani?"

"Twiga. Mimba yake ina miezi mingapi?"

"Mimi ni wa getini tu, mama." Akarudi kwa Binamu haraka. "Na huyu kijana, yuko na nani?"

"Huyo ni mume wangu," Bibi akasema. "Tumekuja fungate."

Mlinzi akafungua geti bila swali lingine. Na mimi, kama mume mwema, nikapunga mkono.

Ile bustani, nikwambie, aliyeijenga alikuwa na akili au alikuwa na bibi. Njia ni pana na laini, mabango yamewekwa usawa wa macho ya mtu aliyekaa, na choo chetu sisi wa viti kina mlango wa kupita kiti bila kuchuna vidole. Ndani unageuka mzima mzima. Vyuma vya kushikilia viko pande zote. Nilikaa humo kuliko nilivyohitaji, nikiwaza kwamba kuna watu wanapanga vyumba vidogo kuliko kile.

Nilipotoka nikakuta vita imeanza. Binamu alikuwa anasukuma, akaona kobe, akasema kwa upole, "Bibi, kulia kwako kuna kobe." Bibi akavuta breki. Binamu nusura apite juu ya kilemba.

"Nani anaongea?"

"Mimi, Bibi."

"Mimi nani? Sauti inatoka mgongoni kwangu kama jini."

Hapa lazima nieleze. Kwenye wodi ya Bibi, nesi hakuruhusiwa kuzungumza na mgonjwa kutokea nyuma. Unakuja mbele, unaonyesha uso, unasema wewe ni nani, ndipo unaongea. Sheria hiyo aliileta nyumbani, akalelea nayo watoto na wajukuu. Kwetu, ukitaka kumwomba Bibi chumvi na umekaa ubavuni kwake, unanyanyuka, unazunguka meza, unajitambulisha, ndipo unaomba chumvi. Wageni wanadhani tuna ibada.

Basi Binamu akaacha kiti, akazunguka mbele, akasimama. "Bibi, mimi ni mjukuu wako, kinyozi. Kulia kwako kuna kobe."

"Asante. Nimemwona."

Akarudi nyuma, akasukuma kidogo. Akaja mbele. "Bibi, mimi ni mjukuu wako, kinyozi. Kushoto kuna ndege." Akarudi nyuma. Kwa mwendo huo yule kobe alitupita, tena bila kutusalimia.

"Nina wazo," Binamu akasema, baada ya kujitambulisha.

Wazo lake lilikuwa kuvuta badala ya kusukuma. Alishika mikono ya kiti kutokea mbele, akawa anatembea kinyumenyume. Hivyo Bibi anaona uso wake, yeye anaona uso wa Bibi, mazungumzo yanakwenda kwa heshima zote. Tatizo dogo tu ni kwamba njia haikuonwa na mtu.

"Mimi nitakuwa macho yako," nikajitolea.

"Haya, niongoze."

Mwanzoni tulikwenda vizuri. Aligonga pipa la taka akaliomba radhi. Aliingia katikati ya picha ya maharusi, akabaki humo muda wa kutosha kuwekwa kwenye albamu. Watu wakaanza kutusimamia pembeni kama msafara wa kiongozi.

"Kushoto kidogo," nikamwambia.

"Kushoto kwangu au kwako?"

Lilikuwa swali zuri. Nilikuwa bado nalifikiria alipofika ukingoni mwa bwawa la bata. Bibi, ambaye mikono yake haijasahau kazi, alivuta breki kwa wakati. Binamu hakuwa na breki. Aliachia kiti, akapiga hatua moja ya nyuma ya kujiamini kabisa, akakaa majini mpaka kifuani. Bata mmoja akamsogelea kumkagua.

"Viatu vyangu," Binamu akasema, kwa sauti ya mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Vimekunywa maji tu," Bibi akamwambia. "Vitapata nafuu."

Nilicheka mpaka kiti changu kikasogea chenyewe. Watu wote walicheka. Ila nilipomgeukia Bibi nikaona yeye hacheki tena. Alikuwa anatazama wale watu waliosimama kutuzunguka, simu mkononi, na alikuwa ameukusanya mkoba wake mapajani kama mtu aliyefika kituo chake.

"Basi," akasema. "Nimeona kobe, nimeona kinyozi akioga. Turudi nyumbani."

"Twiga je?"

"Twiga ana watu wake." Akapunguza sauti. "Mimi nilikuwa napita katikati ya watu na watu wananipisha kwa sababu nina kazi. Leo wananipisha kwa sababu nimekaa. Mwambie shangazi yako kiti akirudishe."

"Unaweza kujisukuma mwenyewe, Bibi. Shika hizo pete za chuma kando ya tairi."

"Sijisukumi. Kama mkokoteni uliokimbiwa na mwenyewe?"

Masharti yalikuwa masharti, akisema turudi tunarudi. Nikaanza kuhesabu kichwani namna ya kumtoa Binamu bwawani, kumkamua, na kurudi nyumbani kulitazama lile dirisha. Binamu mwenyewe alikuwa anapapasa chini ya maji kutafuta kiatu cha kushoto, ambacho kilikuwa kimempa talaka.

Pale tulipokuwa palikuwa juu. Mbele yetu njia ilishuka taratibu mpaka kwenye uzio wa twiga, na twiga mwenyewe alionekana vizuri, amesimama, mkia ameuinua. Nyuma yake palikuwa na kitu. Mimi niliona vijiti. Macho ya Bibi hayasomi dawa iliyo mkononi, lakini kitu cha mbali hakimkwepi.

"Mume wangu."

"Naam."

"Ile ni miguu?"

Nikakaza macho. Miembamba, mirefu, yenye kwato, inaning'inia. "Naam, Bibi. Ni miguu."

"Miguu imetangulia." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Hiyo sauti sikuwa nimeisikia tangu astaafu, ile ya kuwaamsha manesi waliolalia meza. "Kichwa kiko wapi?"

"Hakijatoka."

"Mtoto amekaa vibaya. Na yule mwenye ufagio na koleo pale, anafanya nini?"

"Anafagia, Bibi."

"Anafagia," Bibi akarudia taratibu.

Akaachia breki, akakamata zile pete, akasukuma. Sasa mkono wake wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto, kwa hiyo safari yake ya kwanza ilikuwa ya duara. Alizunguka, akapita mbele ya Binamu bwawani, akazunguka tena, akampita tena.

"Bibi, mimi ni mjukuu wako, kinyozi," Binamu akasema alipomfikia usoni. "Unakwenda wapi?"

"Mikono yote sawasawa," nikamwelekeza, nikiwa nimejiweka mbele yake kwa adabu. "Sukuma, achia. Sukuma, achia."

"Unanifundisha mimi kusema sukuma?"

Akanyooka. Akanipita. Mteremko ule una sehemu tambarare za kupumzikia, jambo la kistaarabu sana ambalo nilikuwa nimepanga kumwonyesha. Bibi hakupumzika hata kwenye moja. Kilemba kilisimama kwa upepo, saa ikaruka kifuani, mkoba ukafunguka ukawa unadondosha peremende nyuma kama alama za kurudia.

"Pisha," alikuwa anasema, bila kupaza, kwa ule uhakika wa mtu ambaye hajawahi kukataliwa njia. "Pisha, baba. Dharura. Pisha, mwanangu, utoe na hicho kigari cha mtoto."

Watu wakaachana pande mbili. Nami nyuma yake nikawa nalia, "Bana pete kwa viganja, Bibi, taratibu, usikaze ghafla," na hilo lilikuwa kosa langu, maana nilikuwa naongea mgongoni mwake na Bibi hasikii ya mgongoni. Mwisho wa njia palikuwa na lundo la majani mabichi, chakula cha twiga. Bibi aliegesha humo. Kwa sekunde chache ilionekana saa tu na vidole vya miguu.

Mtunza twiga, mama mmoja wa makamo mwenye mabuti, aliacha koleo akaja mbio. Majani yakatikisika. Kilemba kikatokea, na tawi juu yake.

"Nani yuko zamu leo?" tawi likauliza.

"Mimi, mama."

"Mtoto ametanguliza miguu, na wewe unafagia."

Mtunza twiga akaitazama ile saa kifuani, akaelewa anaongea na nani. Akajipangusa mikono. "Mama, kwa twiga ni hivyo. Miguu ya mbele ndiyo inatangulia, na kichwa kimelala juu yake kinafuata. Kingekuja kichwa peke yake ndiyo ungenikuta nalia."

Nikasubiri Bibi aone haya. Nilisubiri bure. Alilitoa lile tawi kichwani, akampa yule mama kama anarudisha faili.

"Vizuri," akasema. "Basi endelea. Nilitaka kuona kama unajua."

Uzio ule ulikuwa wa mbao nene, na watu waliosimama boriti ilikuwa inawakata usawa wa macho. Lakini chini, kwa ajili ya watoto na watu wetu, waliweka kioo kipana. Nikaegesha kando ya Bibi, tairi kwa tairi. Twiga mzima alikuwa wetu. Nyuma yetu watu wazima walijikunja kama sindano za kufumia, wengine wamepiga magoti wakiwa wamevaa suti.

"Jamani, nyie mnaona nini?" mwanamume mmoja mrefu sana akauliza.

"Njoo mbele, jitambulishe," Bibi akamwambia.

Akaja. Akajitambulisha. Ni fundi bomba. Bibi akamruhusu kukaa chini, na kuanzia hapo akawa anatangaza kwa wote.

"Pua hiyo. Masikio hayo. Sasa asiharakishe. Mama, pumua."

Twiga sijui kama alipumua, lakini fundi bomba alipumua, na waliokuwa nyuma wakapumua, na mtu mmoja aliyekuwa anatafuna bisi aliacha kutafuna akashika tumbo. Shingo ilitoka, ikaendelea kutoka, ikawa kama haitaki kwisha. Kisha mtoto akadondoka, puu, kwenye majani makavu.

Umati ukaguna. Bibi akaigeuza saa yake, akatangaza saa ya kuzaliwa, maana mtu lazima aitangaze. Halafu akashika kioo kwa viganja vyote viwili, asikiachie mpaka yule mtoto alipotikisa sikio.

"Yuko sawa," akasema chini chini.

"Yuko sawa," nikasema.

"Mrefu. Shule watamweka dawati la nyuma."

Tulikaa pale muda mrefu, tukimwangalia anajaribu kusimama. Alifungua miguu kama ngazi mbovu, akaanguka. Akafungua tena. Bibi alikuwa anamsimanga kwa mapenzi, kwamba ana miguu minne, amepewa bure, na bado hajui ianzie wapi. Aliposimama kweli, fundi bomba alilia wazi wazi. Bibi akampa peremende ya mwisho.

Binamu akatokea, anateleza, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, kinatoa maji kama birika. Nikageuka kumsimulia aliyokosa. Nikamsimulia vizuri, na vitendo nikaweka. Nilipogeuka kumwambia Bibi athibitishe, pale kando yangu palikuwa na fundi bomba tu.

"Bibi yuko wapi?"

"Mimi ni fundi bomba," akajibu, akianza na utambulisho. "Ameondoka. Alisema anakwenda kikazi."

Tukamtafuta. Binamu alikimbia upande wa nyani, nyayo zake zikisema fyata, fyata, mimi nikaenda upande wa bwawa. Kwenye lundo la majani hayupo. Mtunza twiga hajamwona. Nikaanza kuona sura ya Shangazi kichwani, ananiuliza kwa utulivu mama yake nimemweka wapi.

Nikainua macho. Juu kabisa ya ule mteremko, pale tulipoanzia, palikuwa na kilemba. Bibi alikuwa amepanda mwenyewe. Alipumua kwa mabega yote, na zile tambarare za kupumzikia alikuwa amezitumia zote, maana kwenye kila moja aliacha mtu anayepunga mkono. Hapakuwa na dharura yoyote bondeni. Twiga alikuwa ananyonyesha.

Nikapanda kumfuata. Nilifika nahema, nikajiweka mbele yake.

"Bibi, mimi ni mjukuu wako. Unafanya nini huku juu?"

"Napima mteremko." Akautazama kwa jicho la kitaalamu, chini mpaka juu. "Umelazwa vizuri."

Mwili ukanisisimka, sikudanganyi.

Simu yangu ikalia. Shangazi. Bibi alinyoosha mkono kabla sijaipokea, nikabonyeza sauti ya nje, nikampa.

"Mama, mko wapi mpaka sasa? Nimeongea na hospitali. Gari lao linakuja kesho asubuhi kuchukua kiti, uwe tayari."

"Kesho sipo," Bibi akasema.

"Hupo? Unakwenda wapi?"

"Sijui bado. Nikifika nitakupigia."

Akanirudishia simu, Shangazi akiwa bado anaita "Mama, Mama" ndani yake, akaachia breki.